Muziki wa video ya maharusi ukumbini: kuuchagua, kuukata na kuufikisha kwenye spika

Kwenye ratiba ya MC siku hizi hapakosekani mstari wa "video ya maharusi": dakika chache za picha, kuanzia utoto wa kila mmoja hadi siku ya posa, zikirushwa kwa projekta wageni wakiwa wameketi. Picha hukusanywa kwa wiki nzima. Muziki huwekwa usiku wa kuamkia sherehe, na mara nyingi ni wimbo ambao maharusi wenyewe wanaupenda kwenye simu. Wimbo huo ukisikilizwa kwa hedifoni ni mtamu, ila ukumbini unamezwa na kelele za watu 300 wanaokula, au unatamka mbele ya wakwe neno lisilotamkwa mbele ya wakwe. Muziki wa video hii uchaguliwe kwa masikio ya ukumbi, na kazi hiyo inahitaji siku nne au tano kabla ya sherehe.

Hatua ya kwanza: panga picha kabla ya kugusa wimbo

Video nzuri ya ukumbini haizidi dakika tano. Ikifika dakika ya sita watu wanarudi kwenye mazungumzo yao, na hakuna wimbo utakaowarudisha. Chukua sekunde 300 na uzigawe: sekunde 70 za utoto na shule za bwana harusi, 70 za bibi harusi, 110 za kukutana na uchumba, 30 za posa na mahari, na 20 za mwisho zenye majina na tarehe.

Picha ya mtu mmoja inahitaji sekunde nne hadi tano. Picha ya familia yenye watu kumi inahitaji saba, kwa sababu kila shangazi aliyeko ukumbini anajitafuta. Kwa hesabu hiyo kila upande una nafasi ya picha 14 hivi za utoto, si 40. Kamati ikikuletea 40, kataa hapo hapo. Ukizibana zote itabidi utafute wimbo wa kasi ili zipite, na picha za mtoto wa miaka miwili akioga kwenye beseni haziendi na wimbo wa kasi.

Sehemu ya utoto na sehemu ya uchumba zina hisia mbili tofauti, kwa hiyo nyimbo mbili zinatosha. Tatu ndio mwisho, na kila moja ipate angalau dakika nzima. Video yenye nyimbo sita za sekunde 40 kila moja inasikika kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.

Hatua ya pili: andika maneno ya wimbo wote

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo wengi wanapopita haraka. Usiamini kiitikio. Sikiliza beti zote, hata zile ambazo hutazitumia, na uandike maneno kwenye karatasi. Nyimbo nyingi zinazodhaniwa kuwa za mapenzi ni za kuachwa, kusalitiwa au kukosa. "Malaika" hupigwa harusini kote Afrika Mashariki, ilhali anayeimba ni kijana anayesikitika kwamba angemwoa mpenzi wake lakini hana mali. Wazee wanaujua. Baba wa bibi harusi aliyevutana na washenga kuhusu mahari ataucheka, au hataucheka.

Rumba ya Kongo ina mtego wake. Wasiojua Kilingala husikia gitaa tamu na sauti laini, kumbe mwimbaji analia kwamba mke amechukuliwa na rafiki yake. Meza moja ya wageni kutoka Kinshasa inatosha kukufichua. Tafuta mtu anayeijua lugha akutafsirie kabla. Halafu sikiliza mabanga, yale majina ya watu wenye fedha ambayo waimbaji huyataja katikati ya wimbo. Jina la tajiri fulani likiitwa huku uso wa bibi harusi umejaa kwenye skrini, ukumbi mzima utauliza huyo ni nani.

Taarab ya kisasa inapendwa sana na akina mama, lakini sehemu kubwa yake ni mipasho: mwimbaji anamsema mtu. Ukiiweka kwenye video, wageni wataanza kutafuta anayesemwa. Kama familia ni ya Pwani na inataka ladha hiyo, chukua taarab asilia ya ala tupu, yaani udi, kanuni, fidla na akodiani, na uache maneno.

Bongo Fleva ichunguzwe kwa kipimo cha mkwe. Soma kila mstari ukifikiri mama mkwe ameketi kushoto kwako na baba mkwe kulia. Mstari wowote unaokufanya uangalie chini unakatwa, au wimbo wote unaachwa. Nyimbo zilizopakuliwa kwenye tovuti za bure nazo zina tatizo lao: katikati huingizwa sauti ya kutangaza tovuti yenyewe au DJ fulani, wakati mwingine kwenye dakika ya tatu ambako hukusikiliza.

Tenga pia nyimbo zenye kumbukumbu ya msiba. Kuna nyimbo za kwaya na za injili ambazo maneno yake ni ya faraja tu, lakini katika kabila au kanisa fulani ndizo zinazopigwa mwili ukitolewa nje. Wewe huwezi kujua, ila mama mdogo wa kila upande anajua. Mtumie orodha ya nyimbo zako kwa WhatsApp na uulize swali moja: kuna yoyote hapa tunayoizikia watu?

Ngoma za asili, ambazo hazihesabiwi kati ya zile nyimbo mbili au tatu, zinapendeza sana zikiwekwa sekunde 15 hadi 20 kabla ya utoto wa kila mmoja: Bugobogobo kama baba ni Msukuma, Sindimba kama ni Mmakonde. Uliza jina la ngoma na inachezwa lini. Nyimbo za unyago zina mdundo mtamu kuliko zote, na hazichezwi mbele ya wanaume wala wakwe. Ukikuta rekodi isiyo na maelezo, iache.

Hatua ya tatu: jua nyumba unayoingia

Kumbi nyingi za kanisa zina masharti kuhusu muziki wa kidunia. Soma mkataba wa ukumbi, au mpigie mhudumu simu. Kwa familia za Kiislamu, baadhi hazitaki ala kabisa, na kaswida ya sauti na dufu ndiyo inayokubalika. Usiweke kisomo cha Kurani chini ya picha. Kikisomwa, watu wanatakiwa kunyamaza na kusikiliza, hakifanywi muziki wa nyuma. Kama kamati inataka kisomo, kiwe kipengele chake kwenye ratiba. Na kwa shughuli za wanawake peke yao, kama kupamba kule Mombasa na Lamu, uliza kwanza kama picha zenyewe zinaruhusiwa kuonyeshwa, maana hapo wimbo ni jambo la pili.

Omba pia orodha ya DJ. Wimbo wa maharusi kuingia, wa keki na wa kufungua muziki usisikike kwenye video. Ukisikika nusu saa kabla, maharusi wanaposimama kucheza watu wameshauchoka. Vivyo hivyo kwa wimbo uliotumika kwenye sendoff wiki iliyopita.

Hatua ya nne: hesabu mapigo

Washa wimbo, tazama saa, gonga meza kwa kila pigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Ukipata mapigo 24, tempo ni 96 kwa dakika. Sasa gawa 60 kwa tempo upate urefu wa pigo moja: 60 kwa 96 ni sekunde 0.625, na mapigo manane ni sekunde tano kamili. Hiyo ndiyo sababu nyimbo za tempo ya 90 hadi 100 hukaa vizuri na picha: kila picha inachukua mapigo manane na inabadilika pamoja na mdundo, bila mtazamaji kujua kwa nini anafurahia.

Kwa wimbo wa tempo 72, badilisha picha kila baada ya mapigo sita, nazo ni sekunde tano. Kwa tempo 80, mapigo manane ni sekunde sita, kwa hiyo punguza idadi ya picha. Wimbo wa tempo 120 unabadilisha picha kila mapigo manane kwa sekunde nne, na huo ufae sehemu ya uchumba tu. Singeli, ambayo hupita mapigo 200 kwa dakika, muachie DJ baada ya chakula.

Muziki wa Pwani wa mwendo wa sita, kama chakacha na ngoma nyingi, hauhesabiki kwa nne. Hesabu kwa tatu tatu na ubadilishe picha kwenye pigo zito la kwanza. Ukilazimisha nne, kila picha itaonekana imechelewa kidogo.

Programu ya kuhariri video ya CapCut inaweza kukuwekea alama za mapigo yenyewe, na kwenye ile ya DaVinci Resolve unaziweka kwa kubonyeza M wimbo ukiwa unaenda. Alama za mashine zihakikishe kwa sikio. Kwenye rekodi za zamani ambako bendi ilipiga moja kwa moja studio, mwendo unaongezeka kidogo kuelekea mwisho, na alama zilizopangwa kwa hesabu zinaachana na ngoma baada ya dakika moja.

Hatua ya tano: tafuta mahali pa kuanzia na pa kukatia

Wimbo hauanzii lazima mwanzo wake. Gitaa la taratibu la sekunde 25 ni zuri sebuleni. Ukumbini halisikiki, na watu watadhani mitambo imekufa. Tafuta sehemu ambayo ndani ya sekunde nane kuna kitu kinachoshika sikio: mlio wa kinanda wenye nguvu, sauti za kwaya, au mwimbaji mwenyewe akiingia. Hapo ndipo panapowekwa sekunde ya kwanza. Ipandishe sauti kutoka kimya kwa sekunde moja tu. Ukiipandisha kwa sekunde tano, umepoteza picha ya kwanza.

Kuunganisha nyimbo mbili kuna kanuni moja. Zote zikiwa na ngoma, usizipishanishe. Midundo miwili ya kasi tofauti ikikutana kwa sekunde tatu inasikika kama ajali. Acha wimbo wa kwanza umalize sentensi yake ya muziki, weka kimya cha nusu sekunde, picha iwe nyeusi, kisha anza wa pili kwenye pigo zito. Kupishanisha kwa sekunde mbili au tatu kunafaa pale tu ambapo upande mmoja hauna ngoma. Na usikate katikati ya neno. Ukikata mwimbaji anapovuta pumzi, hakuna atakayejua.

Kwa mwisho wa video, rumba inakupa zawadi ambayo nyimbo nyingine hazina, nayo ni sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi inayokuja mwimbaji akishamaliza beti. Ikate peke yake na uiweke chini ya picha za uchumba za mwisho na majina. Wageni watakuwa wameanza kutingisha mabega wenyewe.

Picha ya mzazi aliyefariki ishughulikiwe kwa uangalifu. Ipe sekunde nane, chini ya sehemu ya ala isiyo na maneno, sauti ikiwa imeshuka kidogo. Usibadilishe wimbo kwa ajili yake wala usiongeze kinanda cha huzuni. Familia ina majonzi yake tayari, na bibi harusi amepakwa vipodozi vya saa tatu.

Hatua ya sita: sawazisha sauti

Rekodi za zilipendwa, kwa mfano zile za bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania, zina sauti ndogo kuliko Bongo Fleva ya sasa. Tofauti inaweza kufika desibeli nane. Ukiziacha hivyo, DJ atapandisha kwa wimbo wa kwanza, kisha wa pili utawapasua watu masikio. Shusha ule mkubwa, usijaribu kuupandisha mdogo hadi ukwaruze. Kama programu yako ina kipimo cha LUFS, yaani cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, peleka nyimbo zote kwenye -16 hadi -14, na kilele kisipite desibeli -1. Kama haina, sikiliza sehemu zinazokutana, ukiwa umefumba macho, mara tatu.

Tumia faili halisi: WAV, au MP3 ya kbps 320 uliyoinunua au uliyopewa na mwanamuziki. Wimbo uliorekodiwa kutoka kwenye video ya mtandaoni na kutumwa simu hata simu umeshabanwa mara nyingi, na kwenye spika kubwa matoazi yake yanasikika kama maji yanayochemka.

Mara nyingi kuna salamu za sauti kutoka kwa ndugu walioko Muscat au Minnesota. Chini ya maneno ya mtu weka ala tupu, iliyoshuka desibeli 15 hadi 18 kuliko sauti yake. Mwimbaji na mjomba wakizungumza pamoja, hakuna anayesikika.

Sasa jaribu kwa ubaya. Cheza video kwenye spika moja ya simu huku televisheni ikiwa imewashwa. Kumbi nyingi spika zote hutoa sauti moja, kushoto na kulia zikiwa zimechanganywa, na simu inakuonyesha hali hiyo. Kama sauti ya mwimbaji inafifia au kinanda kinapotea, wimbo huo umechanganywa vibaya kwa ukumbi, tafuta mwingine. Kisha usikilize kwenye gari, uone kama besi inafunika maneno. Chini ya turubai na kwenye kumbi za kuta za zege besi huvimba zaidi ya hapo.

Haki za wanamuziki

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mwenye rekodi, na COSOTA ndiyo ofisi inayosimamia. Waulize wenye ukumbi kama wana leseni ya kupiga muziki hadharani. Kama unatengeneza video kwa malipo, kibali cha kuuweka wimbo wa mtu chini ya picha ni jambo lako na mteja wako, na unapaswa kulisema kabla ya kupokea fedha.

Usumbufu unaojulikana zaidi ni wa mtandaoni. Video ikipandishwa YouTube, mfumo wa Content ID huutambua wimbo ndani ya muda mfupi, na mwenye haki anaweza kuifunga video au kuchukua mapato. Kwa hiyo toa nakala mbili tangu mwanzo: ya ukumbini, na ya mtandaoni yenye muziki wa maktaba ya sauti ya YouTube au wa mwanamuziki uliyemlipa. Chagua wimbo wa pili wenye tempo ile ile, na picha hazitahitaji kupangwa upya. Kwenye maktaba hiyo soma masharti ya kila wimbo, kwa kuwa baadhi zinataka mtunzi atajwe.

Siku yenyewe

Toa faili ya MP4 ya 1920 kwa 1080, sauti ya AAC. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, dakika tano ni kama MB 375, inaingia kwenye flashi yoyote. Mwanzoni weka sekunde tano nyeusi zisizo na sauti, kwa sababu projekta huchukua muda kushika picha.

Fika saa mbili nzima kabla ya wageni na umtafute DJ, maana sauti inapita kwake. Ukiunganisha laptopu na projekta kwa HDMI, kompyuta hupeleka sauti kwenye kispika kidogo cha projekta. Nenda kwenye mipangilio ya sauti urudishe tundu la hedifoni. Kutoka hapo tumia waya wenye jeki ndogo ya milimita 3.5 upande mmoja na vichwa viwili upande wa pili, vya RCA au jeki kubwa mbili, kwa njia mbili za miksa. Wengi huchomeka jeki moja ya stereo kwenye tundu moja la maikrofoni. Miksa huchukua tofauti ya pande mbili, na kilicho katikati, yaani mwimbaji, kinafutika. Ukisikia ala bila sauti ya mtu, sababu ni waya huo, usihangaike na faili.

Mngurumo mzito usiokoma kwa kawaida unatoka kwenye chaja ya laptopu. Chomoa chaja wakati wa kucheza na utumie betri, ambayo pia itakuokoa umeme ukikatika kabla jenereta haijawaka. Bluetooth usiitumie: sauti huchelewa nyuma ya picha, na simu ikiita ukumbi mzima unasikia.

Cheza dakika nzima kwa sauti kubwa, tembea hadi meza ya nyuma kabisa, kisha DJ aweke alama kwenye kitelezi cha miksa. Ukumbi ukijaa, watu hunyonya sauti, kwa hiyo mwambie apandishe kidogo juu ya alama hiyo. Mwishoni mwa video acha sekunde kumi za ala zikishuka polepole ili MC aanze kusema juu yake.

Mpe DJ pia sauti ya video peke yake kama WAV moja, yenye zile sekunde tano za kimya mwanzoni. Sauti ikigoma, MC asimamishe video papo hapo, isiendelee kimya huku watu wakinong'ona. Jaribuni waya kwa dakika mbili. Ikishindikana, zima sauti ya laptopu, hesabuni tatu, wewe bonyeza picha na DJ abonyeze WAV. Zikiachana kwa robo sekunde, walioketi hawatagundua.